Zamu Mbili, Sefu Moja

Jumanne, tarehe kumi na tisa Agosti. Mawingu tangu alfajiri, baridi ya kuingia mifupani, na ile mvua ya kunyunyiza ambayo haijazi hata ndoo lakini nguo hazikauki. Ilikuwa zamu yangu ya kwanza tangu mume wangu apewe leseni ya kubeba bastola ndani ya nguo, na sikujua kama atakuja kulala au atakuja kula tu arudi.

Nieleze polepole, maana nikianza na hasira sitamtendea mtu haki. Na masomo yangu yaliishia darasa la saba, kwa hivyo nikikosea mpango wa maneno, nia ni nzuri.

Mimi ndiye mke mkubwa. Naishi Makina, Kibera, katika nyumba aliyoijenga babu yangu: udongo uliopakwa simiti ndani na nje, mabati juu. Mke mwenzangu anaishi Kawangware, pale steji ya 56, kwenye nyumba ya mawe, juu ya duka la hadiwea, misumari na simiti, la mume wetu. Wazazi wake walitoka Machakos, yeye akasilimu alipoolewa, na kwa kuswali ananishinda. Hilo lazima niliseme. Mzee analala siku mbili kwangu, siku mbili kwake, na tangu aoe mara ya pili hajawahi kuniibia hata usiku mmoja. Hilo pia niliseme. Mimi ndiye huhesabu, yeye hana haja ya kukumbushwa.

Mwaka jana, kabla ya Ramadhani, alifunga duka akaja kwangu. Ilikuwa zamu yangu. Boda ilimshusha barabarani, akaingia kichochoro cha kuja kwetu, na vijana wawili waliokuwa wamemfuata na boda nyingine tangu 56 wakampiga na chuma kando ya sikio. Wakachukua pesa za mauzo na simu. Alifika mlangoni ameshikilia sikio kama mtu anayesikiliza redio, damu inapita katikati ya vidole. Mpaka leo ukimsemesha upande wa kushoto lazima urudie.

Kwa hivyo mtu asidhani bastola ilikuwa maringo. Aliogopa, na alikuwa na sababu. Lakini kuna jambo nililiona mapema na halikunitoka: kwa mwenzangu anapanda ngazi tu. Njia yenye hatari ni ile ya kuja kwangu.

Alianza kuitafuta leseni. Cheti cha tabia njema, alama za vidole, watu wa kumdhamini, daktari wa kumpima akili, mahali pa kujifunza kulenga. Daktari wa akili alimuuliza kama huwa anasikia sauti. Akamjibu, "Kwa sikio moja tu." Alirudi nyumbani akicheka, na mimi nikacheka naye. Siku hizo ilikuwa bado ni jambo letu sote.

Halafu akaambiwa lazima aonyeshe nyumba moja, na ndani ya nyumba hiyo sefu ya chuma iliyofungwa ukutani kwa bolti. Bastola ikitoka mwilini, inalala humo. Si chini ya mto, si juu ya kabati, si nyumba nyingine.

Kwanza alimleta fundi kwangu. Nasema hivyo kwa sababu kuna siku nilijisahaulisha nikamwambia dadangu kwamba hata hakunifikiria. Alinifikiria. Fundi aliugonga ukuta wa chumbani kwa ngumi, vumbi likamwagika kwenye kitanda.

"Mama, hii ukuta itabeba kalenda," akasema. "Ukiweka sefu, zitashuka pamoja."

"Hii ukuta babu yangu aliijenga na mikono yake."

"Na alijenga poa. Ndio maana sitaki kuiangusha."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Nikaona macho yake yameshaenda Kawangware.

Sijawahi kusikia mtu akiuonea wivu ukuta, lakini mimi niliuonea. Nilikuwa nimezoea kumwonea wivu mwenzangu kwa vitu vya kawaida, ngozi yake, maji ya bomba ndani ya nyumba, vile anavyocheka bila kuziba mdomo. Hivyo nilishavifungia mahali. Huu ulikuwa mpya na sikuwa na mahali pa kuuweka.

Sefu ikafungwa kule 56. Nilienda kuiona kwa kisingizio cha kupeleka mtama wa uji. Mwenzangu akanikaribisha, akaniwekea chai ya tangawizi, akanipeleka mwenyewe hadi chumbani bila mimi kuomba. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, kama televisheni ya zamani. Alikuwa ameifunika kitambaa cha kufuma, juu yake maua ya plastiki.

"Umeivisha vizuri," nikamwambia.

"Bi mkubwa, ikiwa uchi ilikuwa inanitisha."

Ndani haikuwa na kitu bado. Lakini mimi niliona zamu zangu zote za mwaka zimefungiwa mle. Mtu ambaye kitu chake kinalala hapa, na yeye atalala wapi?

Jibu alinipa mzee mwenyewe, usiku wa zamu yangu, tukiwa tunakunywa chai.

"Mama watoto, kuna afisa atakuja kuuliza. Wanauliza bibi, wanauliza majirani. Akikuuliza, mwambie mimi huja kuona watoto tu. Silali."

"Niseme hulali hapa?"

"Ni ya kuandikwa tu. Wakijua niko nyumba mbili, watasema bastola itazurura."

"Na kama ni imamu ananiuliza, niseme hivyo hivyo?"

"Usinichezee na dini."

"Sikuchezei. Nauliza."

Akaweka kikombe chini. Akasema kwa sauti ya chini kwamba nikitaka apigwe tena kwenye kichochoro changu, basi niseme nitakavyo. *Kichochoro changu.* Kama kwamba mimi ndiye niliyekichimba.

Afisa alikuja wiki iliyofuata, mchana, mtu mzima mwenye koti la kawaida na viatu vyenye matope. Alinisalimia vizuri. Nilimpa kiti na chai, binti yangu wa kidato cha tatu akajifanya anasoma kwenye kona.

"Mzee hulewa?"

"Halewi."

"Amewahi kukupiga?"

"Hajawahi."

"Hasira je?"

Hapo nilifikiria. "Kuna siku alirusha sahani. Iligonga mlango. Lakini hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anaangalia mlango."

Afisa akatabasamu. "Mlango ulikuwa umemkosea nini?"

"Ulikuwa haufungi, na watoto walikuwa wagonjwa wa kifua."

Aliandika kitu. Sijui aliandika mlango au hasira. Halafu akauliza, bila hata kuinua uso, "Na hapa analala?"

Nilimwona mume wangu ameshikilia sikio. Hilo nililiona kwanza, naapa. Nikajua nikisema ndiyo, huenda anyimwe, na siku nyingine wale vijana warudi. Nikisema hapana, nimejitoa kwenye ndoa yangu kwa mdomo wangu, mbele ya mwanangu, na maneno yataandikwa. Nilitaka kunyamaza, lakini hata kunyamaza kungekuwa jibu.

"Analala," nikasema. "Siku mbili hapa, mbili kule."

Kalamu ikasimama. "Yeye ametuambia anakaa Kawangware."

"Anakaa Kawangware. Na anakaa hapa. Hajawahi kumnyima mtu zamu yake. Ukitaka kujua kama ni mtu wa kuaminika, hiyo ndiyo ningekuambia kwanza."

Alinitazama, akanywa chai yake mpaka mwisho. "Basi, mama, sikiliza. Mimi naandika nilichoambiwa, uamuzi ni wa wakubwa. Lakini akipata, sefu ni moja. Siku ya kulala huku, hiyo kitu inabaki kule. Akiwa nayo, alale kule. Hakuna ya katikati."

Alipoondoka, binti yangu akafunga kitabu. "Mathe, ni kama buda ameoa tena. Sasa mko watatu."

Nikamwambia anyamaze. Lakini alikuwa amelisema.

Tangu siku hiyo nimejiuliza swali moja na bado sijalipata jibu. Nilisema ukweli kwa sababu ni ukweli? Au kwa sababu nilitaka kuivuruga ile sefu yenye maua? Maneno yalikuwa ya kweli, kila moja. Lakini nakumbuka nilipoyasema nilisikia utamu fulani, na ukweli mtupu, nafikiri, hauna utamu namna ile.

Mzee alikasirika. Alikuja zamu zangu zote mbili za wiki ile, akalala ameelekea ukuta. "Umenivua nguo mbele ya serikali," alisema, basi. Mwenzangu naye akanipigia simu.

"Bi mkubwa, mimi nilisema analala hapa kila siku. Sasa umenifanya muongo."

"Sikukufanya. Ulijifanya."

Nikadhani amekata. Kisha nikamsikia akivuta pumzi, sijui ni kicheko au ni kilio. "Lakini hata mimi," akasema, "wangeniambia niseme sina bwana, nisingesema."

Alikuwa amenielewa. Ni rahisi kumchukia mtu asiyekuelewa.

Leseni ikatoka. Hawakumnyima, kwa hivyo pengine neno langu halikuwa zito kama nilivyoogopa, au lilikuwa zito upande mwingine. Sijui. Alianza kuibeba zile siku mbili za mwenzangu, kabla ya zamu yangu. Mwenzangu aliniambia kwamba usiku wote wawili alimsikia akibonyeza namba za sefu, tii, tii, tii, akiifungia. "Anachukua muda," akasema. "Kama anaaga mtu." Nikasikia kwenye sauti yake kitu ninachokijua vizuri sana, nikamwonea huruma, halafu nikafurahi kidogo, halafu nikaona aibu ya kufurahi.

Ndipo ikafika Jumanne hiyo. Asubuhi alikuwa amepiga simu. "Leo nitakuja," akasema. Kuja ni kuja, si kulala. Siku chache nyuma alikuwa ametaja kwamba anaweza kula kwangu akiwa nayo kiunoni, kisha arudi 56 usiku na huyo mlinzi wake wa chuma. Sikumuuliza atakuja vipi. Niliogopa majibu yote mawili. Akija nayo, ataondoka. Akija bila, atapita kile kichochoro mikono mitupu, kwa sababu yangu, kwa sababu ya mdomo wangu.

Nilikuwa nimenunua nyama ya pilau, nikaiweka kwa friji ya jirani. Pilau ya mtu wa kurudi siipiki. Nikachambua mrenda.

Saa kumi na mbili haijafika nilitoka mara kadhaa nikijifanya naangalia nguo kwenye kamba, zote mbichi. Akatokea mapema, bado kuna mwanga, anatembea haraka na kichwa kimegeuka kidogo ili sikio zima liwe nyuma. Alikuwa amevaa jaketi kubwa, zipu mpaka shingoni.

Kuficha kitu ndiyo kazi ya ile leseni. Nilitazama kiuno chake nisione kitu. Nilitazama upande mwingine. Jaketi tu. Binti naye alikuwa anatazama.

"Niaje, buda. Kwani unasikia baridi?"

"Kidogo."

Alikaa kwenye ncha ya kiti, kama mgeni wa kuja kudai. Nikampa maji, akanywa. Adhana ya magharibi ikaanza, akainuka akaenda msikitini na jaketi lake. Nikasonga ugali kwa nguvu hata mwiko ukalia. Nilijiambia nisiulize. Nikiuliza atajibu, na jibu la kuulizwa si sawa na la kujitolea.

Aliporudi alisimama katikati ya chumba. Akafungua zipu, akavua jaketi, akalitundika kwenye msumari chini ya kalenda. Shati jeupe, mshipi, na tumbo lake. Hakukuwa na kitu kingine.

"Nimefunga duka saa kumi na moja," akasema, "nipite pale bado kuna watu."

Nilikuwa upande wa kushoto kwake. Ilibidi nirudie. "Nasema, na wateja?"

"Watarudi kesho."

Akavua viatu. Hapo ndipo nilipojua amefika.

Tulipokuwa tunakula niliona mkono wake wa kushoto ukishuka kiunoni, ukipapasa, usipate, ukarudi. Baada ya kidogo ukashuka tena. Yeye mwenyewe hakujua. Nilikuwa nimempata mwili mzima, zamu yangu kamili, na bado kulikuwa na mahali pa kidole kimoja pale kiunoni palipokuwa kwingine. Nikajiambia, wewe mwanamke, huna shukrani. Na ni kweli pengine sina. Nikahamia upande wa sikio lake zima, nikamwongezea.

Tulikula ugali, mrenda na omena za kukaanga. Nyama ya pilau ilibaki kwa jirani mpaka Jumatano, ambayo pia ilikuwa yangu.