Kalamu ya Mnunuzi wa Papaini

Msianze kuniambia kwamba haya ni mambo ya kusikia. Sikusikia kwa mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, kule Beni, wakati wa vita, jua likiwa juu ya kichwa, na sikuwa na homa. Wale wanaosema maiti wanatembea usiku tu, bado hawajakutana nao.

Kwanza mjue kazi yetu. Kule Mabalako, mimi na bwana wangu Paluku, aliyenioa, tulikuwa tunachanja mapapai. Asubuhi unachanja tunda bichi kwa wembe, utomvu mweupe unadondoka kwa kitambaa, unakausha, unauza. Banaita papaini. Ule utomvu unakula ngozi. Mikono yangu mpaka leo ni kama ya mtu aliyeungua.

Mnunuzi wetu alikuwa Papa Kambere wa Butembo, tajiri, mwenye mzani ambao haukutupendelea hata siku moja. Kwa mfuko wa shati alikuwa na kalamu ya wino, nyeusi, inang'aa kama maji ya kisima, na ndani ya ule weusi vipande vidogo vya buluu na kijani, kama bawa la mdudu wa porini. Batu walisema ni Wajapani waliokuwa wananunua papaini yake ndio walimpa. Hakuiazima kwa mtu.

Vita vikaingia. Jina la mtu aliyetuharibu ni Komanda Ndombasi, na mdogo wake wa kazi ni Ajuda Mopepe. Mulishike vizuri. Askari wao walikamata gari ya Papa Kambere barabara ya Mangina, na yeye hakufika kwake. Kisha walimchukua Paluku. Eti kwa kuwa alikuwa anabeba magunia ya tajiri, anajua bidhaa ingine imefichwa wapi. Wakamtia kwa shimo nyuma ya kambi ya Beni, wakafunika na mbao.

Nilimfuata. Ili nikae karibu, nikaomba kazi ya kufua nguo za askari. Kila siku nilimlilia Ndombasi, mpaka siku moja, nyama ikiwa mdomoni, akasema:

"Mama, kesho nitasaini, bwana yako atatoka. Lakini usinililie mu sahani, mchuzi iko na chumvi ya kutosha."

Wenzake wakacheka. Mimi pia nilicheka. Ungefanya nini?

Nikashuka mtoni na nguo zake. Kwa mfuko wa shati mkono wangu ukagusa kitu kigumu. Ile kalamu. Niliitambua palepale. Na nyuma yangu mtu akakohoa.

"Kavira. Sabuni unaitia mingi sana."

Papa Kambere, amesimama majini mpaka magoti, na koti lake la biashara. Niamini, nilifurahi. Nilidhani aliponyoka. Kisha nikaangalia maji. Yalikuwa yanapita kana kwamba pale hakuna miguu. Povu la sabuni yangu lilimpitia katikati, likaendelea.

"Nipe kalamu yangu," akasema.

"Papa, ujitwalie."

"Mukono yangu haishikake tena kitu. Uitupe tu mu maji."

Akaanza kunieleza habari za ile kalamu kama mtu aliye dukani. Ile rangi nyeusi ni utomvu wa mti wa kule Japani, nao unachanjwa, nao unakula ngozi ya wachanjaji. Na ule mng'ao ni ganda la mnyama wa bahari, linakatwa jembamba kama ngozi ya kitunguu, linabandikwa kipande kwa kipande.

"Batu ba kule nabo banaumia mikono, sawa weye," akasema.

Nikawaza: kumbe miaka yote ile ulikuwa unajua mikono yetu inaumia.

"Papa, kesho komanda atasaini nayo juu ya Paluku. Nikiipoteza, atatuua sisi wote wawili."

"Kalamu ya wino inazoea mukono ya mwenyewe, Kavira. Ile haijue jina ingine."

Nilidhani ni majivuno ya matajiri na vitu vyao. Nikamwambia: "Papa, weye umekufa. Paluku angali muzima." Akaniangalia vile alivyokuwa anaangalia mzani, akiwa amekwisha kujua kilo zangu ni ngapi. Kisha yakabaki maji.

Kalamu niliirudisha kavu. Na leo ningeirudisha tena. Bwana wangu alikuwa shimoni.

Kesho yake Ndombasi alisaini mbele yangu, macho yake kwa mnunuzi wa dhahabu aliyekuwa naye, hata hakuangalia mkono wake unaandika nini. Akanipa karatasi. Mimi sijui kusoma. Niliona wino, niliona muhuri, nikakimbia.

Kwa shimo, Ajuda Mopepe aliishika ile karatasi akitabasamu. Halafu tabasamu likaisha.

"Mama, nani amesaini hii?"

"Komanda mwenyewe, chef."

"Hapa imeandikwa Kambere." Sauti yake ikashuka. "Ule muzee tulimuzika shiye benyewe."

Ndivyo nilivyojua nani alimuua: kwa mdomo wake.

Akarudi na karatasi kwa bureau ya komanda. Nikasikia wanachana karatasi, wanajaribu ingine, wanachana tena. Ndombasi akatoka. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, ngozi inabanduka. Aliangalia vidole vyake, akaangalia mikono yangu.

"Ndoki," akaniita, yaani mchawi. "Munanitumia maiti, weye na bwana yako."

Wakatoa mbao. Paluku akapanda, ndevu zimemjaa, macho yamefungwa na jua. Akaniambia: "Kavira, umeweza." Alidhani wamemfungua. Wakampeleka nyuma ya michikichi, na mimi nikasikia risasi. Mimi waliniacha, kwa sababu hakuna aliyetaka kunigusa.

Sasa niko Butembo. Ndombasi alivaa uniforme ya Leta, yaani ya serikali, anapigiwa saluti. Mopepe ana magari ya mizigo Kasindi, mpakani. Kalamu, nasikia iliuzwa kulekule, na kitu kizuri namna ile hakipotei, kinabadilisha mfuko tu. Nimeomba cheti kwamba Paluku alikufa. Banasema lazima kisainiwe na mkubwa wa mahali alipokuwa amefungwa, ndiye Ndombasi. Kwa hiyo kwa vitabu vya Leta Paluku ni mzima, na mimi si mjane.

Basi wewe unayenisikiliza, mtu akitoa kalamu nyeusi yenye moto wa bahari ndani yake ili asaini jambo lako, kataa. Uombe Bic. Watakucheka, mimi wananicheka kwa kila bureau. Na mwenye kalamu akikutokea, usitegemee msaada wake. Papa Kambere alijua Paluku yuko shimoni, alijua pia nani alimtia. Alirudi kutoka kwa wafu kufuata kalamu yake tu.