Hodi Mbili Kutoka Kinu cha Pamba

Ozella Tidmore alifungia chambo nchi kavu, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alipitisha mshipi kwenye kipande cha risasi chenye umbo la tone, akafunga ndoana, akaichoma puani pa mnyoo wa plastiki, akaitoa shingoni, akaigeuza, kisha akaifukia ncha yake tena mwilini ili isinase kwenye magogo. Mwisho alichomeka kijiti cha kuchokolea meno katika tundu la risasi na kukivunja. Kijiti kikilowa huvimba, na risasi haibanduki tena puani pa mnyoo.

“Risasi nzito namna hiyo?” aliuliza Hoyt Gann, muuza chambo wa pale gatini. “Bi Ozella, unavua samaki wa besi au unachimba kisima?”

“Uza minyoo yako, Hoyt.”

“Yangu angalau ni hai, inakufa.”

Kwa kawaida angemjibu. Mwaka ule alichukua ufito wake wa kuvulia akaelekea botini, na Hoyt mwenyewe akainamisha kichwa, kwa kuwa hakuna mtu kando ya ziwa Cahola ambaye hakujua Ozella, mpishi wa shule, alikuwa akivua nini.

Alikuwa akimtafuta kaka yake. Miaka kumi na mmoja nyuma, boti ya Doyle Tidmore ilikutwa ikielea tupu juu ya mji wa zamani, ule uliofunikwa na maji bwawa la umeme lilipojengwa. Wazamiaji walitafuta wiki nzima na kukata tamaa. Sasa ukame ulikuwa umeikausha Alabama yote ya kaskazini. Ziwa lilikuwa limeshuka mpaka barabara ya zamani ikaonekana, ikitoka msituni na kuingia majini kama iliyokuwa na safari. Mahali pasipofikika kwa chambo sasa palifikika. Mvua ikirudi, mlango ungefungwa.

Doyle ndiye aliyemfundisha mdogo wake kusoma sakafu ya ziwa kwa risasi. Tope huivuta taratibu, kokoto huikwaruza, bati huimba. Walitofautiana kwa mambo mawili tu: Doyle alibana risasi zake kwa njiti za kiberiti, kichwa chekundu kikiwa bado mahali pake. Vijiti vya meno, alisema, ni vya watu wanaokula hotelini. Tena kabla ya kurusha mara ya kwanza alikuwa akigonga ubavu wa boti mara mbili, kitu ambacho mvuvi yeyote mwenye akili hafanyi.

“Unawafukuza samaki!” Ozella alikuwa akimfokea.

“Nawapigia hodi, dada. Siingii kwa watu kimya kimya.”

Nyumbani, mama yao Eunice alikuwa kibarazani akichovya maua ya karatasi katika nta. Jumapili ilikuwa siku ya kupamba makaburi, na kila Tidmore aliyezikwa kanisani alikuwa na fungu lake mezani. Doyle alikuwa na jiwe la kaburi lenye jina, lakini hakuwa na ua hata moja.

“Mfanyie machache tu, Mama,” Ozella alisema. “Watu wanaona.”

“Waone. Sipambi udongo mtupu.” Bi kizee alipuliza nta. Daktari alikwisha kuwaambia moyo wake hautayafikia majira ya baridi. “Kabla sijamfuata, mwanangu, nataka nijue yuko wapi. Utaniletea?”

“Nitakuletea.”

Siku ya Ijumaa, jua likiwa utosini na ziwa likiwa limetulia kama kioo, Ozella, akiwa botini, aliikokota risasi yake kwenye msingi wa kinu cha zamani cha pamba, chini ya maji. Tope. Tofali. Tofali. Kisha pengo, risasi ikazama mahali pasipo na sakafu. Akangoja. Mshipi ukagonga mara mbili.

Aliyezoea kuvua kwa mnyoo wa plastiki hana muda wa kufikiri anapogongwa. Mikono huvuta yenyewe. Miaka arobaini ya mazoea ikaunyanyua ufito kwa nguvu zote, na mshipi ukakatika.

Aliukusanya mshipi uliobaki. Besi hugonga, ndiyo, lakini baada ya kugonga huondoka na chambo. Hiki kilichogonga hakikwenda popote. Akajiona kama mtu aliyebishiwa hodi naye akaupiga mlango teke.

Akafunga chambo kingine, safari hii palepale botini, vidole vikikosea mara tatu. Akarusha. Tofali, tofali, pengo. Hodi zikaja tena: mbili, zenye nafasi ileile katikati. Ozella aliubana ufito katikati ya magoti, akaizuia mikono yake isivute.

“Karibu,” alisema, kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe.

Mshipi ukalegea. Alipouvuta polepole, mnyoo wake ulikuja na kitanzi cha mshipi mwingine, na juu ya kitanzi kulikuwa na mnyoo wa plastiki wa zambarau, laini kama wa dukani, risasi ikiwa puani pake. Upande wa pili wa mshipi ule uliteremka gizani, umekazika. Hakuuvuta. Aliukata ule mnyoo pamoja na risasi yake, akaufunga mshipi kwenye dumu tupu, akaliachia lielee, akageuza boti.

Gatini, Hoyt aliupokea mnyoo wa zambarau akiwa na mzaha tayari mdomoni. Kisha akaisogeza risasi karibu na macho. Risasi mpya hung’aa. Ikilala majini mwezi mmoja hufifia na kuwa kijivu. Hii iling’aa. Katika tundu lake palikuwa na njiti ya kiberiti, na kichwa chake kilikuwa chekundu.

“Nani anakutania hivi?” aliuliza.

“Piga simu kwa wazamiaji, Hoyt.”

Waliufuata mshipi mpaka kwenye lile pengo, kisima cha zamani cha kinu, wakakuta mifupa, vifungo vya ovaroli, na bamba la meno ya bandia ambalo daktari wa meno wa mji alilitambua kuwa kazi yake. Mzamiaji aliyeshuka kwanza alitaka kujua nani aliyegonga ukuta wa kisima yeye akiwa chini. Wenzake wote walikuwa juu.

Sanduku lilishushwa kaburini Jumapili. Eunice, ambaye usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amekata karatasi na kuyeyusha nta mpaka vidole vikaungua, aliweka maua yote mwenyewe. Kisha akanyoosha kiganja, na Ozella akampa ile njiti.

Bi kizee aliikwaruza mara moja kwenye jiwe, chini ya jina la mwanawe.

Ikawaka.

“Haya,” aliwaambia, akiilinda kwa kiganja ingawa hapakuwa na upepo. “Sasa yuko nyumbani.”

Hoyt alivua kofia. Ozella aliutazama ule moto mdogo ukiteremka kuelekea vidole vya mama yake, na akamwacha auzime mwenyewe.