Treni ya Baba na Mafuta ya Cherehani

Leo sokoni Chwele fundi wa nguo alitia cherehani yake mafuta, na ile harufu ikanirudisha Kitale nikiwa msichana mdogo. Baba alikuwa na kichwa cha treni cha kuchezea, cha bati, cha kuzungushwa kwa ufunguo, alichoachiwa na mzungu wa shamba alikofanya kazi. Kila Jumapili tukitoka kanisani tulikifungua, yeye na mimi. Nilisugua gia, vile vigurudumu vya meno vya ndani, kwa mafuta ya taa, kisha nikatia mafuta ya cherehani kwa ncha ya unyoya wa kuku, tone moja tu.

Baba alipokufa, siku ya kugawa vitu vyake, baba mdogo alimpa mtoto wake ile treni. Ni yeye, sifichi.

“Hiyo ni yangu,” nilisema. “Ni mimi huitengeneza.”

“Ati yako? Si wewe utaolewa?” baba mdogo aliniuliza. “Ama utaenda kwa bwana na reli?”

Watu wakacheka, na waliocheka bado nawajua mmoja mmoja.

Huko kwake wakaipaka mafuta ya kupikia. Baridi ya Kitale ikayagandisha ndani ya gia, treni ikakataa kusonga. Baba mdogo akaniletea.

“Mama, hebu niangalilie hii kitu,” alisema kwa upole, akiniita mama ili kunibembeleza.

Nilidhani amenirudishia. Nikaifungua, nikaiosha, nikaifunga, nikazungusha ufunguo. Ikanguruma mkononi mwangu. Baba mdogo akainyakua magurudumu yakiwa bado yanazunguka, akampelekea mtoto wake.