Tandiko Kichwani mwa Wobbe

Wobbe alikula mkate wake kwa pua. Kwenye maghala ya mkoa wa Friesland alitoboa jibini la karafuu kwa chuma chembamba, akanusa mara moja, akatoa hukumu: hili sokoni, hili lisubiri, hili la nguruwe. Kwa maringo, hakuna aliyemfikia.

Viatu vyake vya mti vilipoanza kumbana, alimvamia fundi Gerlof.

"Umenichongea mti mbichi wewe! Umesinyaa!"

"Mti wangu mkavu. Hizo kwato zako ndizo zinazokua."

"Nina miaka hamsini, nikue niende wapi?"

Gerlof akachonga vingine, navyo vikabana. Mtu mwenye akili angejipima mguu, lakini kwetu kiatu kikibana, wa kulaumiwa ni mti. Pete ya ndoa ikakatwa kwa koleo, taya likatokeza, na Wobbe akawa anagonga miimo ya milango kwa mabega kama ng'ombe mlevi. Hapo mkewe, Baukje, akamburuta hospitali.

Daktari alimwonyesha picha. "Nyuma ya pua, katikati ya kichwa, kuna kibonde cha mfupa. Tunakiita tandiko la Kituruki. Ndani yake hukaa tezi ndogo kama njegere."

"Tandiko? Mimi hata farasi sina."

"Tezi yako ina uvimbe, mzee. Uvimbe huo unamwaga homoni za kukuza, ndiyo maana miguu haiishi kukua. Sasa umefurika nje ya tandiko, unakandamiza mishipa ya macho. Huoni pembeni. Tukiuacha, utapofuka."

"Mnautolea wapi?"

"Puani."

"Na kunusa?"

"Kunaweza kupotea."

Wobbe akachukua kofia yake. "Pua yangu haiguswi!"

Baukje akaziba mlango kwa mwili wake mzima. "Sawa. Utanusa jibini, halafu uniulize mimi liko wapi. Kaa chini, mpumbavu wee."

Akakaa, kwa hofu tupu.

Kesho yake baada ya upasuaji alilala chali, pua imejaa pamba, hanusi hata dawa za wodini. Pembeni, upande wa kulia, kitu kikatikisika. Bila kugeuza shingo, akamwona Baukje kitini, analia bila sauti.

"Unalia nini, na mimi mzima?"

Baukje akashtuka, akajifuta kwa kiganja. "Umeniona?"

"Nimekuona. Umeanza lini?"

"Tangu Pasaka. Nilikuwa nakaa upande huo kwa sababu ulikuwa huoni."