Herufi Moja Kisimani Mitwero

Jamani, hili naomba mlicheke humu humu, lisitoke, maana aibu niliyoipata siku ile pale Mitwero sijapata nyingine mfano wake, na ubaya zaidi hakuna wa kumlaumu, niliitengeneza mwenyewe kwa mkono wangu na brashi yangu.

Mnajua kazi yangu ni kuandika mabango hapa Lindi mjini, maduka, saluni, magari, chochote. Basi akanijia Mama Nalini, yule mama wa Kihindi, mjane wa mzee Kishor aliyekuwa akiuza vitambaa (sare zangu zote za shule zilitoka dukani kwake). Mzee alikuwa ameacha wosia kwamba kichimbwe kisima Mitwero, upande ule ambao kina mama walikuwa wakifuata maji mbali, na kisima kilishakamilika, limebaki bango tu. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, akanipa karatasi. Imeandikwa: MAJI YA HARI.

Nikaisoma mara mbili. Ningeuliza pale pale yangeisha, lakini nikajitia ujuzi, nikasema moyoni mama wa watu mkono umeteleza, nani atakunywa maji ya jasho? Nikaandika MAJI YA HERI, herufi nyekundu za kupendeza, nikaongeza maua mawili pembeni ambayo hakuyaagiza, nikaenda kulifunga juu ya bomba na kulifunika kwa kanga, yeye hajaliona.

Siku ya ufunguzi nikavaa kanzu mpya. Watu walijaa, mwenyekiti wa mtaa yupo, shekhe wetu yupo, binti yake Mama Nalini amekuja kutoka Dar, na kina mama wamepanga ndoo zao mstari mrefu juani. Kanga ikavutwa, makofi yakapigwa, ila Mama Nalini mikono yake ilibaki mapajani. Mimi nikadhani ni maua yamemgusa. Mwenyekiti akaniita mbele nijitambulishe, nami (Mungu anisamehe) nikashika kipaza sauti nikaanza kusimulia jinsi nilivyowaokoa, kwamba karatasi ilisema maji ya hari, yaani maji ya jasho, nikaona nimsitiri mama yetu nirekebishe. Watu wakacheka sana. Na mimi nikacheka nao.

Mama Nalini alisubiri kicheko kiishe, ndipo akasimama. Hakutaka kipaza sauti.

"Issa, mwanangu," akasema, "mimi nimezaliwa Lindi hii hii. Kwamba hari ni jasho, nalijua."

Akaeleza taratibu kwamba katika dini yao Mungu huitwa kwa majina mengi, kila jina na maana yake, na mtu huwa na lile ambalo moyo wake umelishika. La mumewe lilikuwa Hari, na maana yake ni yule anayeondoa, anayemtoa mtu dhambi na huzuni. Mzee alilitaja akiamka, alilitaja akifunga duka, na alipougua mwishoni akawa hawakumbuki tena watu wake, jina hilo halikumtoka.

"Mimi alinisahau," akasema. "Hilo hakulisahau. Akasema anayefika pale na hari yake, akutane na Hari, amwondolee. Alitaka neno moja liseme kwa lugha zake zote mbili."

Niliangalia viatu vyangu. Shekhe, Mungu ampe umri, akasema kwa upole kwamba na sisi tunamwita Mungu kwa majina yake na tunajua uzito wa kukosea jina, basi fundi arekebishe, watu watasubiri. Binti akasema bomba lifunguliwe tu, bango litafuata, lakini kina mama wenyewe ndio waliokataa, wakasema mzee kwanza.

Na rangi sikuwa nayo! Ikabidi nipande bodaboda hadi mjini na kanzu yangu, nirudi na makopo mapajani, na lile la nyeupe likamwagika nusu njiani, nikashuka mbele ya watu wote kama niliyeangukia chokaa. Nikapanda ngazi. Herufi moja tu, E iwe A, kazi ya dakika mbili, lakini nikafuta mara tatu, na nyuma yangu nasikia mama mmoja anasema pole pole, "Andika vizuri, fundi, tuna kiu."

Nilipomaliza Mama Nalini alikuja kusimama chini ya bango akalisoma kwa sauti ndogo, midomo tu ndiyo ilicheza, kisha akajifuta macho kwa ncha ya sari. Nikashuka nikamwomba radhi, nikamwambia nitayafuta na yale maua. Akayatazama, akasema mzee alipenda maua, yaache.

Ndiyo maana siku hizi mteja akiniletea karatasi, hata kama imeandikwa jambo la ajabu namna gani, siichovyi brashi kabla sijamuuliza hili lina maana gani kwako. Wengine wananiona msumbufu, wanasema fundi gani huyu anahoji kama polisi. Wacha waseme. Kusahihisha nisichokijua, mimi basi tena.