Gauni Moja Kisiwani kwa Senge

Sisi tuliomaliza shule ya msingi kabla simu hazijaingia mifukoni, likizo zetu zilikuwa na harufu. Kuna wenzetu waliokwenda Mbale, wakarudi wananukia sabuni ya dukani. Kuna waliokwenda Kampala, wakarudi na Kiganda cha kujidai ambacho hakuna aliyewauliza. Mimi na dada yangu Nekesa tulirudi kijijini kwetu Masaba tunanuka dagaa, na siku ya kwanza ya muhula hakuna aliyetaka kukaa nasi benchi moja. Hatukujali. Tulikuwa tumetoka kisiwani.

Leo nikitaja kisiwa mbele ya wanangu, hapa Tororo ninakoishi, wao huona picha za kwenye simu: mchanga mweupe, kiti cha kulalia, glasi iliyovalishwa mwavuli. Kijana wangu anayesoma chuo kikuu Busitema aliwahi kuniuliza kama huko kwetu kulikuwa na bwawa la kuogelea. Nikamwambia lilikuwepo. Linaanzia Majanji, linaishia Mwanza.

Kisiwa chetu kilikuwa Sigulu, ndani ya Ziwa Victoria, na mwenyeji wetu alikuwa Senge Akumu. Senge ndivyo tunavyomwita shangazi sisi Wasamia. Alikuwa dada mkubwa wa Baba, akaolewa kule kisiwani, mume akafariki mapema, na hawakuwahi kupata mtoto. Kazi yake ilikuwa kuanika dagaa, wale ambao Uganda tunawaita mukene na ng'ambo ya mpaka wanaitwa omena. Samaki mmoja, majina matatu, na hakuna askari anayemuuliza kitambulisho. Shule zikifungwa mwisho wa mwaka, Baba alitupakia wote wawili kwenye baiskeli yake hadi Majanji, akatukabidhi kwa mwenye boti ya injini kama mtu anayekabidhi magunia, na tukabaki kwa Senge mpaka muhula mpya ulipokaribia.

Tuliishi! Asubuhi tulitandaza dagaa juu ya nyavu kuukuu, tukawafukuza kunguru kwa fimbo na kwa matusi ambayo Mama hakujua tunayajua. Mchana tulicheza kwepena na watoto wa mwaloni, pale boti za wavuvi zinapotia nanga, mpira wa majani makavu ya migomba ukivuma kichwani ukichelewa kuinama. Tulikula samaki ngege wa kuchemsha kwa chumvi na nyanya tu, na ugali wa muhogo na wimbi unaovutika kama mpira, mpaka tukashindwa kuinuka. Wakati mwingine wadudu wa ziwani walipanda kutoka majini kama moshi wa nyumba inayoungua, na Senge akatupigia kelele tufunge midomo na dirisha, kwa mpangilio huo huo.

Hakuwa mtu wa kubembeleza. "Ukioga karibu na matete, mamba atakuoa," alikuwa akisema, "na mahari hatuleti." Ukichagua dagaa ovyo ukaacha kokoto ndani, alikuambia mkono usiojua kuchagua dagaa hautajua kuchagua mume. Lakini jioni alitupaka mafuta miguuni kwa kiganja kigumu kama gome, polepole, kidole kwa kidole.

Sasa, siku za mwisho za likizo zilikuwa na ugonjwa wake. Nadhani wote mnaujua. Kitu kinakuwashia ndani na huwezi kukikuna. Unataka kwenda nyumbani, unataka kubaki, chakula hakishuki, mchezo unavunjika kwa ugomvi usio na kichwa wala miguu. Upepo wa Januari nao ulizidisha. Ulianza alfajiri ukitikisa mabati, maji yakageuka rangi ya majivu, na kuna siku boti hazikuthubutu kutoka. Tulishuka mwaloni kuangalia kama maji yametulia, tukapanda, tukashuka tena. Senge alituuliza kama tumekalia siafu.

Mwaka ninaousimulia, Nekesa alikuwa karibu kuingia darasa la sita, na mimi nilikuwa nyuma yake madarasa mawili. Senge alinituma sabuni ndani ya sanduku lake la bati. Nikainua vitenge, na chini yake nikakuta gauni la shule. Jipya. La kijani, kola nyeupe, rangi za shule ya pale kisiwani. Lilikuwa moja.

Nilimwita Nekesa kwa mkono. Alikuja, akalitazama, akanisimamisha mlangoni na kulipima mabegani kwangu. Lilinifika karibu na vifundo vya miguu. Akalipima kwake, likaishia juu ya magoti. Tukageuza pindo la chini: lilikuwa pana mno, limekunjwa mara mbili, la kushushwa au kupandishwa.

"Fundi hakuambiwa ni la nani," nikasema.

"Aliambiwa," akanijibu Nekesa. "Aliambiwa bado haijajulikana."

Tulilirudisha chini ya vitenge. Kwetu si jambo geni, nanyi mnalijua: ndugu asiye na mtoto hupewa wa kulea, na mtoto anakua vizuri tu, ana nyumba mbili badala ya moja. Hakuna aliyetuficha kwamba mambo hayo yapo. Ila hakuna aliyetuambia kwamba safari hii ni sisi.

Tangu hapo sikutulia. Asubuhi moja niliamka nikitaka kuchaguliwa mimi, nikasugua masufuria kwa jivu mpaka yakawaka. Kesho yake nikataka kusahauliwa kabisa, nikajificha nyuma ya nyumba, nikijibu "abee" kwa sauti ndogo isiyoweza kunifikisha popote. Nilimwangalia Nekesa nikimhesabia sifa: ana nguvu, anaogelea, hasahau kitu. Kisha nikajihesabia zangu, nikaona chache, nikaumia. Yeye alikaa tu kwenye jiwe lililo juu ya mwalo, magoti kifuani, macho majini.

Ni yeye aliyeuliza. Senge alikuwa akisonga ugali, na Nekesa akasema bila kuzunguka, "Senge, lile gauni la kijani ni la nani?"

Mwiko ulisimama, kisha ukaendelea. "La mtoto wangu."

"Mtoto yupi?"

"Yule Mungu na baba yenu watakayenipa." Alifuta jasho kwa mgongo wa mkono, akatutazama mmoja mmoja, na nikaona kwamba yule mwanamke asiyeogopa mamba alikuwa anatuogopa sisi. "Kuleni. Ugali unapoa."

Upepo ulipotulia, boti ilikuja, nasi tulikuwa mwaloni kabla haijafika. Tulimwona Baba mbele. Kando yake palikuwa na mwanamke amejikunyata, leso imefungwa kichwani mpaka machoni, amekumbatia dumu tupu la plastiki.

"Yule si Mama?" nikasema.

"Mama hawezi kuwa ndani ya boti," Nekesa akasema, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mama yetu alikuwa mtu wa nchi kavu. Hata kile kijito cha kule Masaba, ambacho mbuzi hukivuka bila kulowesha tumbo, yeye alikivuka akiwa ameshikwa mkono.

Lakini alikuwa Mama. Dumu alikuwa amejifunga nalo kiunoni kwa kamba, lije limshikilie juu ya maji boti ikizama. Wavuvi waliokuja kumteremsha walicheka waziwazi. Alishushwa mgongoni kama mtoto, akatapika, akasukutua mdomo, akajifungua kamba, na ndipo akanyoosha mkono kumsalimia Senge kwa adabu zote, akikunja magoti.

"Wifi, mzima?"

"Mzima, Mama Nekesa. Mbona umejitesa hivi?"

"Nimekuja kuona mahali mtoto wangu atalala."

Baba akaanza kukohoa. Kumbe alikuwa amekubaliana na dada yake tangu Krismasi iliyopita, na Mama hakuambiwa kitu. Alikuwa amesikia kwa mwanamke mmoja muuza samaki, sokoni Busia, mwanamke ambaye hata alimpongeza.

"Nilikuwa nitakueleza," Baba akasema. "Nilitaka kwanza turudi..."

"Urudi na mmoja, Baba Nekesa? Uje uniambie nini? Mwingine ameanguka majini?" Mama hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Senge aliketi palepale kwenye mchanga, miguu imenyooka, kama mtu aliyepata habari ya msiba. "Wandera," akamwambia Baba, "mimi niliuliza, mama yao anasemaje. Ukaniambia amekubali kwa moyo wote. Mimi nikashona nguo." Akamgeukia Mama. "Wapeleke watoto wako. Mimi sikuomba wa kuiba."

Nilitegemea Mama atatushika mikono turudi botini. Badala yake alipandisha leso, akasema, "Nimekufa mara tatu ndani ya maji yale. Sitarudi bila kuona nyumba."

Basi akaikagua. Alilala kitandani kwetu akiwa amenyooka, akatazama mabati. Aliuliza maji ya kunywa yanachotwa wapi na nani anawasindikiza watoto. Alitembea mpaka shuleni, akachungulia darasa lililofungwa, akarudi. Baba alibaki nje akiwafukuza kunguru ambao hawakuwepo. Wanawake wale wawili walikaa jikoni muda mrefu, na nilichosikia kupitia ukuta ni kicheko kimoja kifupi, halafu mtu akilia, na mpaka leo sijui alikuwa nani.

Jioni, jua likiwa bado juu ya maji, Mama alituita. "Baba yenu alikosea," akasema, Baba akiwa hapohapo. "Lakini Senge wenu hakukosea kutaka mtoto. Mimi simchagui mtu, na hakuna atakayewachagua. Nauliza tu."

"Mimi nitabaki," Nekesa akasema, kabla Mama hajafunga mdomo. "Mimi nilitaka tangu zamani, Mama. Kila mwaka nikirudi nyumbani, nakaa wiki nzima nasikia maji masikioni."

Mama alitikisa kichwa, mara nyingi, kama anayekubaliana na mtu mwingine ndani yake. Akatoa masharti: kila likizo arudi Masaba, na asiitwe yatima wa mtu. Kisha akaomba sindano, akalishusha lile pindo mwenyewe.

Mimi je? Mimi nilishukuru Mungu, na nilikasirika. Nilitaka wanichague ili nikatae. Hilo halikutokea, na sikuwa na wa kumlalamikia.

Tuliondoka asubuhi iliyofuata. Nekesa alisukuma boti pamoja na wavuvi mpaka maji yakamfika kiunoni, akapiga kelele, "Taaka, uwasalimie wa darasani kwenu!" kana kwamba naenda kisimani. Mama alikaa akiangalia nyuma njia nzima. Alisahau hata kuogopa. Nyumbani nilipewa kitanda peke yangu, kitu nilichokuwa nikikiomba tangu nijue kusema, na nikalala ukingoni miezi na miezi.

Ikawa likizo zimegeuka. Sasa yeye ndiye mgeni. Alishuka kwenye baiskeli ya boda na gunia la dagaa, mrefu kuliko alivyoondoka, anakata maneno kama watu wa mwaloni, anatia Kiluo hapa na Kiganda pale. Siku ya kwanza tuliona haya. Ya pili tulianza kusema, na hatukunyamaza tena. Tulisema tukipalilia karanga, tulisema tukiosha vyombo, tulisema kanisani hadi mzee wa kanisa akatutenganisha. Mama alikuwa akituambia, "Nyinyi, bakizeni kidogo ya kesho." Na siku za mwisho zilipofika, ugonjwa ule ule ulitushika, ila safari hii aliyekuwa akienda barabarani kuangalia kama baiskeli inakuja nilikuwa mimi, nikiomba isije.

Nekesa hakuwahi kuondoka Sigulu. Alimzika Senge kwa heshima ya mtoto wa tumbo, akaolewa palepale, ana boti zake na mdomo wake mkali. Mwaka jana niliwapeleka wanangu kumwona. Walipiga picha za machweo. Walipiga picha za ngege kabla ya kumla, ngege akapoa. Asubuhi ya pili wakauliza kama kuna boti ya kurudi leo, maana mtandao unakatika. Sikuwakemea. Niliwatazama tu, nikawaza: hawa hawajawahi kukosa mtu kwa miezi. Watamjuaje mtu anapofika?

Nami nisijisifu. Nekesa siku hizi ni wa kubonyeza kwa kidole tu. Nampigia Jumapili baada ya ibada. Mmeamkaje, tumeamka, watoto wazima, mvua imenyesha huko, haijanyesha. Dakika chache tu na maneno yameisha, sisi tuliotenganishwa na mzee wa kanisa. Jumapili iliyopita tulifika hapo pa kuishiwa, nikasikia upepo ukipuliza ndani ya simu yake.

"Unakuja lini?" akauliza.

"Likizo," nikamjibu, kwa mazoea.

"Likizo ya nani, Taaka? Watoto wako wamekua. Wangu wamekua. Likizo ya nani?"