Kilo za mtoto wa jirani

Kila siku ya kliniki hapa Runazi, kabla ya kumpima mwanangu, hunyoosha shingo nisome kwanza kilo za mtoto wa jirani. Walizaliwa wiki moja, tukipanda maharage, na wake ananenepa kuliko wangu.

Juzi, macho yangu yakiwa bado kwenye kilo za mwenzake, nesi alinionyesha mwanangu akaniambia, "Mama, wako ndiye huyu."

Alikuwa ameongezeka kidogo tu. Nikaficha kadi yake ndani ya kitenge.

"Mwenzangu, umemwona mwanao?" jirani akaniuliza. "Wakati wa palizi alikuwa akilia kwenye mizani mpaka tunaziba masikio. Leo maharage yamekomaa, naye ananing'inia pale anacheka."

Sikuwa nimeona. Nikamwonea jirani wivu upya, safari hii kwa kumjua mwanangu kuliko mimi.